Hataza, hataza ndogo, siri au kuwahi sokoni: mvumbuzi asiye na kampuni achague lipi?

Mtu akishabuni kitu kinachofanya kazi, swali la kwanza atakaloulizwa na ndugu na marafiki ni hili: umeshakisajili? Wanauliza kwa nia njema, na aghalabu wanaongeza kisa cha fulani aliyeporwa wazo lake na kampuni kubwa. Hofu hiyo huwakimbiza wengine kwenye ofisi ya hataza (kwa Kiingereza patent) wakiwa na mchoro mmoja na akiba yao yote. Wengine huwafanya wakifungie kitu chao kabatini miaka nenda, miaka rudi, wasimwonyeshe hata fundi ambaye angewasaidia kukikamilisha.

Hataza ni njia moja kati ya nne zilizo wazi kwa mvumbuzi. Nyingine ni hataza ndogo, siri, na kukiweka kitu hadharani kisha kuwahi soko. Zote nne zimewahi kumnufaisha mtu, na zote nne zimewahi kumtia mtu hasara.

Mawili ya kujua kwanza

Wazo tupu halipewi hataza popote. "Ngazi isiyoteleza" ni matamanio tu. Namna meno yaliyo chini ya mguu wa ngazi yanavyojikita ardhini uzito unapopanda, hapo ndipo penye uvumbuzi. Nchi nyingi, kwa kufuata TRIPS, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 kuhusu haki za ubunifu katika biashara, zinadai mambo matatu: kitu kiwe kipya, kisiwe jambo ambalo fundi wa fani hiyo angelifikia bila kuumiza kichwa, na kiweze kutengenezwa au kutumika katika uzalishaji. Upya huo kwa kawaida hupimwa kwa dunia nzima. Kwamba hujawahi kukiona mtaani kwenu si ushahidi wa kitu. Wenye programu za kompyuta wana mlima mkali zaidi: mkataba wa hataza wa Ulaya unazikataa programu peke yake, na Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice mwaka 2014, wazo la kinadharia lililovikwa kompyuta halipati hataza kwa sababu tu ya hiyo kompyuta.

La pili huwashangaza wengi. Hataza haikupi ruhusa ya kutengeneza, inakupa haki ya kuwazuia wengine. Unaweza kuwa na hataza ya mguu wako wa ngazi na bado ukazuiwa kuuza, kwa kuwa ndani yake umetumia bawaba ambayo mwingine anaimiliki. Na kwa kawaida anayemfuata mwigaji ni wewe mwenyewe, kwa wakili wako na fedha zako. Ofisi iliyokupa cheti haimshtaki mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama wazo lako ni zuri, jiulize unataka kumzuia nani hasa, katika nchi gani, na kwa fedha zipi. Njia zote nne nitazipima kwa mambo matano: kinacholindwa, gharama, muda, hali yako ukiigwa, na mtu anayefaa kuichagua.

Hataza kamili

*Kinacholindwa.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotelea. Hataza hailindi kifaa ulichotengeneza wala michoro uliyoambatisha. Inalinda sentensi zilizo mwishoni mwa maombi, zinazoitwa madai. Turudi kwenye ngazi. Dai likiandikwa "mguu wa ngazi wenye meno matatu ya chuma yaliyopangwa pembetatu", mshindani atatengeneza wa meno mawili, au wa mpira mgumu, na ataupita mlango wako bila kubisha hodi. Dai likiandikwa "mguu wa ngazi wenye sehemu inayozama ardhini uzito unapoongezeka", sasa umewabana wengi, lakini mkaguzi wa ofisi ya hataza naye ana nafasi kubwa ya kukuta hati ya zamani iliyokwisha kusema jambo hilohilo. Kazi ya wakala wa hataza ni kutafuta maneno yaliyo kati ya hayo mawili, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumlipa.

Mwaka 2017 vilipovuma vile vichezeo vya kuzungushwa vidoleni, habari zilienea za mama mmoja wa Florida aliyeiacha hataza yake ikafa mwaka 2005 kwa kukosa dola 400 za kuitunza. Alihurumiwa sana. Waliosoma madai yake waliona jambo jingine: kifaa chake kilikuwa na kuba katikati na kilizunguka juu ya ncha ya kidole, ilhali vilivyojaa madukani vilizungukia beringi. Hata angezilipa zile dola 400, si ajabu asingepata kitu.

*Gharama.* Usidanganyike na ada ya kuwasilisha maombi, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote. Kuna malipo ya wakala wa kuandika, kisha ya kumjibu mkaguzi anapokataa mara ya kwanza (na hukataa mara nyingi, usife moyo), kisha ada za kuitunza hataza ambazo katika nchi nyingi hupanda kadiri miaka inavyokwenda. Ukitaka nchi nyingine, zidisha yote hayo na uongeze tafsiri. Hataza ya dunia nzima haipo. Mkataba wa PCT, wa ushirikiano wa kimataifa katika hataza, wa mwaka 1970 unakuruhusu kuanza na ombi moja linalotambuliwa katika nchi zaidi ya 150, lakini unapofika karibu mwezi wa 30 lazima uchague nchi moja moja na kulipa kila mahali.

*Muda.* Ulinzi hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, kwa sharti la kulipa ada. Cheti chenyewe huchukua miaka kadhaa kutoka. Katikati hapo, kwa kawaida baada ya miezi 18, maombi yako huchapishwa na kila mtu huyasoma, hata kama mwishowe yatakataliwa.

*Ukiigwa.* Una silaha, lakini ni ghali kuibeba. Robert Kearns, Mmarekani aliyebuni waipa za gari zinazofuta kwa vipindi, alipata hataza miaka ya 1960. Aliishtaki Ford mwaka 1978. Fedha alizipata mwaka 1990, dola milioni 10.2, na baadaye Chrysler nao wakaamriwa kumlipa mamilioni. Alishinda, ndiyo, lakini hesabu miaka hiyo na maisha yaliyoliwa ndani yake. James Dyson, Mwingereza mbunifu wa mashine za kufyonza vumbi, alipoibwaga kampuni ya Hoover mahakamani Uingereza mwaka 2000, alikuwa tayari na kampuni inayouza na kumudu mawakili. Hataza ya aina moja, mfuko tofauti.

Jambo jingine la kukumbuka kwa Dyson ni la zamani zaidi. Haki za toroli lake lenye tufe badala ya gurudumu aliziandika kwa jina la kampuni badala ya jina lake, na alipotolewa kwenye kampuni hiyo, toroli likabaki huko. Ukiingia ubia, angalia jina lililo kwenye maombi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuuza leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza, kwa kiwanda, au kutafuta mwekezaji, na ambaye kitu chake kitaendelea kuuzika miaka 10 ijayo. Kiwanda hakinunui hadithi, kinanunua haki iliyoandikwa. Makampuni mengi hata hayakusikilizi kabla hujawasilisha maombi, na mengine yatakutaka utie saini kwamba hayana wajibu wa kukutunzia siri.

Hataza ndogo

Hii wengi hawaijui, nayo huenda ndiyo inayowafaa mafundi wengi kuliko zote. Baadhi ya sheria huiita modeli ya matumizi. Ipo Ujerumani, Japani, China na nchi nyingine nyingi. Marekani na Uingereza haipo.

*Kinacholindwa* ni umbo na muundo wa kifaa, na katika nchi nyingi njia ya kutengeneza au mchanganyiko wa kemikali hauingii. Kiwango cha ubunifu kinachodaiwa kwa kawaida ni cha chini, hivyo boresho dogo lenye manufaa linaweza kupita pale ambapo hataza kamili ingegoma. *Gharama* ni nafuu. *Muda* wa kuipata ni mfupi, wakati mwingine miezi tu, ila ulinzi nao ni mfupi: miaka 10 katika nchi tatu nilizozitaja.

*Ukiigwa*, hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Ujerumani, kwa mfano, husajili bila kukagua kama kitu ni kipya kweli. Umepata cheti haraka kwa sababu hakuna aliyekupinga, na siku utakapomshtaki mtu ndipo atakapopinga. Kwa hiyo upekuzi ambao ofisi haikuufanya ni lazima uufanye wewe.

*Inamfaa* mwenye zana rahisi, yenye sehemu zinazoonekana, ambayo soko lake liko katika nchi moja au mbili na ambayo baada ya miaka saba au minane itakuwa imepitwa. Mguu wetu wa ngazi ungekaa hapa vizuri.

Siri

*Kinacholindwa* ni chochote chenye thamani kwa sababu hakijulikani: kipimo cha mchanganyiko, joto la tanuri, mpangilio wa hatua za kazi, orodha ya wateja. Mafuta ya WD-40 yaliundwa mwaka 1953 na fomula yake haikuwahi kupewa hataza, kwa makusudi. Ingepewa, ingechapishwa, na ulinzi wake ungekwisha zamani.

Kipimo changu ni kimoja. Mtu akinunua kifaa chako, akakaa nacho mezani jioni moja na bisibisi, ataona ulivyofanya? Akiona, hakuna siri hapo, na kujidanganya kutakugharimu. Mguu wa ngazi unaanguka mtihani huu dakika ya kwanza. Namna ulivyoukomaza ule mpira wake usipasuke juani huenda ukafaulu.

*Gharama* ya kuanza ni ndogo, hakuna ofisi wala ada, lakini nidhamu yake haina likizo. Mahakama itataka kuona kwamba ulichukua hatua za maana kuitunza: mikataba ya siri na wafanyakazi, kazi iliyogawanywa ili mmoja asijue yote, daftari lililofungiwa. *Muda* hauna kikomo, mpaka siku itakapovuja. Ikishavuja hairudi.

*Ukiigwa*, tofautisha. Aliyeiba kwa kuvunja mkataba unaweza kumshtaki. Aliyegundua mwenyewe kwa jasho lake, au aliyenunua bidhaa yako akaichambua, kwa kawaida hana kosa. Mbaya zaidi, anaweza kwenda kuiombea hataza. Sheria za nchi kadhaa humruhusu aliyekuwa akitumia tangu awali kuendelea, lakini itabidi uthibitishe, kwa hiyo tunza kumbukumbu zenye tarehe.

*Inamfaa* anayetengeneza mwenyewe na kuuza matokeo, si maarifa. Anayetaka kuuza maarifa yenyewe atapata shida: ili mnunuzi ajue anachonunua lazima umwonyeshe, na akishaona, kwa nini alipe?

Kuweka wazi na kuwahi soko

Njia hii hudharauliwa kama ya walioshindwa, na si haki. Ukichapisha maelezo kamili ya uvumbuzi wako, wewe hupati haki ya kumzuia mtu, ila na mwingine hawezi tena kupata hataza halali ya jambo hilohilo, kwa kuwa si jipya. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kiliiacha teknolojia ya wavuti mikononi mwa umma tarehe 30 Aprili 1993, na ulimwengu mzima ukajenga juu yake. Wapo pia waliochanganya: Volvo iliombea hataza mkanda wa gari wa pointi tatu alioubuni Nils Bohlin mwaka 1959, kisha ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure.

*Gharama* ya ulinzi ni karibu na sifuri, hivyo fedha zako zinakwenda kwenye kalibu, bidhaa na wateja. *Muda*: unaanza leo. *Ukiigwa*, huna la kusema kuhusu utaratibu wa ndani wa kifaa, lakini una jina na umbo. Alama ya biashara iliyosajiliwa inaweza kuhuishwa bila mwisho, na mwonekano wa bidhaa husajiliwa peke yake kwa bei nafuu kuliko hataza. Mwigaji atatengeneza kinachofanana, ila hataruhusiwa kukiita jina lako.

*Inamfaa* mwenye mikono ya kuuza: anayejua wateja wake, anayeweza kutoa toleo la pili mwigaji akiwa bado anahangaika na la kwanza. Kwa mtu aliyebuni lakini hapendi biashara, njia hii ni kugawa mali bure. Hakuna ubaya, alimradi ameamua hivyo.

Miezi 12 ya kuvuta pumzi

Wengi hudhani uamuzi hufanywa mara moja, sivyo. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi lako la kwanza kuwasilisha katika nchi nyingine zilizo ndani ya mkataba huku ukihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Marekani ina ombi la muda linaloshikilia tarehe kwa miezi 12 bila kukaguliwa, kwa ada ndogo. Maana yake, unaweza kuwasilisha, ukaonyesha kifaa chako kwa wanunuzi ukiwa na tarehe mkononi, na ukaamua kutumia fedha nyingi au kuacha baada ya kuona kama kuna anayekitaka. Kwangu mimi huo ndio mwaka wenye thamani kuliko wote katika safari hii, na wengi huupoteza wakihangaikia rangi ya nembo. Angalizo: tarehe inalinda kilichoandikwa tu. Ombi la ukurasa mmoja lililoandikwa usiku wa kuamkia maonyesho litalinda ukurasa mmoja.

Tarehe ni jambo zito kwa sababu nchi hutoa hataza kwa aliyetangulia kuwasilisha, si aliyetangulia kufikiri. Marekani ilikuwa ya mwisho miongoni mwa mataifa makubwa kuhamia huko, Machi 2013. Na ule mtindo wa kujitumia bahasha yenye mchoro kwa posta na kuitunza bila kuifungua haukupi hataza popote.

Kabla ya hata hilo ombi la kwanza, pekua. Hazina za hati mtandaoni, Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya na Patentscope ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu), ni bure. Usitafute kwa jina ulilokipa kifaa chako, wenzako walikiita vingine. Tafuta hati moja inayokaribia, chukua namba yake ya uainishaji (namba ya kundi la uvumbuzi wa aina hiyo), kisha soma nyingine zenye namba hiyo, ukianzia kwenye madai. Ni kazi ya kuchosha, na ukikuta kitu chako humo utaumia, lakini utakuwa umeumia bila kulipa.

Kulingana na hali yako

Kama lengo ni kuuza leseni na huna mpango wa kutengeneza, njia yako ni hataza kamili, ukianza na ombi la kwanza na kuwatafuta wanunuzi ndani ya ile miezi 12. Mwaka ukiisha bila hata mmoja kuonyesha nia, fikiri mara mbili kabla ya kulipia nchi ya pili.

Kama unatengeneza mwenyewe na bidhaa ni ya msimu au ya mtindo unaopita, cheti kitatoka wateja wameshahama. Sajili jina na umbo, uza haraka.

Kama ni boresho la zana inayojulikana, uliza kwanza iwapo nchi unayouza ina hataza ndogo. Kama thamani iko kwenye namna ya kutengeneza na bidhaa yenyewe haifichui kitu, itunze siri na utumie fedha kwenye mikataba ya wafanyakazi.

Kama umeajiriwa, soma mkataba wa kazi kabla ya kufanya lolote. Uvumbuzi uliofanyika kazini, au kwa vifaa vya kazini, huenda si wako.

Kama umeshakionyesha hadharani, hesabu miezi. Marekani na Japani zinampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipokitangaza mwenyewe. Ulaya, isipokuwa katika hali chache sana, mlango ulifungwa siku ileile.

Kama huna fedha lakini unaamini hataza ndiyo njia, usikope kabla ya kuuliza. WIPO ina mpango unaowaunganisha wavumbuzi wasio na uwezo na mawakala wanaojitolea katika baadhi ya nchi, na ofisi kadhaa hupunguza ada kwa mtu binafsi. Marekani hupunguza ada nyingi kwa asilimia 80 kwa wanaotimiza masharti ya kipato na idadi ya maombi. Na akikufuata mtu anayejiita mkuzaji wa uvumbuzi, akisifu wazo lako kabla hajaulizia madai na kutaka alipwe mapema, mwulize ni wateja wake wangapi wameingiza fedha nyingi kuliko walizomlipa. Marekani, tangu mwaka 1999, sheria inamlazimisha kujibu swali hilo kwa maandishi kabla hujatia saini. Kwingineko liulize hivyohivyo, na utake jibu kwa maandishi.